Wauza swichi janja na dima (swichi za kupunguza mwanga): kama haziendani na LED semeni kabla hatujalipa, acheni kutuchezea

Wakuu kwema? Mimi si kwema, nimevumilia sana ila leo naandika.

Nimefunga swichi za kuwasha taa kwa simu, sebuleni, korido na chumbani. Kabla sijatoa hela nilimuuliza muuzaji pale Kariakoo wazi kabisa, bwana nyumba yangu nzima ni LED, hizi zitakubali? Akajibu bila hata kufungua boksi, "hizo boss hazichagui taa". Hazichagui taa! Usiku ule ule nazima korido kwenye simu, simu inaonyesha imezima, naangalia juu balbu zimebaki na kamwanga hafifu, halafu moja inapiga mwanga mara moja inazima, inakaa kidogo inapiga tena, hivyo hivyo mpaka kunakucha. Mama alikuwa amekuja kututembelea, akaamka kwenda msalani akajua kuna shoti juu ya dari akaamsha nyumba nzima.

Nampigia muuzaji, eti balbu zako feki. Nikanunua za bei, yale yale. Nampigia fundi, eti umeme wa mtaani kwenu unacheza. Unacheza vipi jamani wakati jikoni kwenye swichi ya kawaida taa imetulia tuli? Nikapanda ngazi nikatoa balbu ya korido nikaipeleka jikoni, ikatulia, ya jikoni nikaileta korido, ikaanza kupepesa. Sasa hapo balbu ina kosa gani na umeme una kosa gani?

Na kinachonichoma ni kwamba hili tatizo linajulikana, sio bahati mbaya. Nyumba zetu nyingi fundi akifanya wayaringi anashusha kwenye swichi waya wa laivu, unaoleta umeme, na ule unaorudi kwenye taa, basi. Nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, inapita juu darini moja kwa moja kwenye holda, kwenye kiboksi cha ukutani haipo. Sasa swichi ya waifai haizimi kabisa, inatakiwa iwe hai muda wote ili isikie simu, na kama haina nyutro inaiba umeme kidogo kwa kuupitisha kwenye balbu yenyewe. Balbu za zamani za waya ndani za wati 60 hazikujali, umeme mdogo kiasi hicho hauwezi kuupasha waya moto ukaona mwanga. LED ya wati 9 ndani ina saketi yake, ule umeme wa wizi unajikusanya taratibu kwenye kapasita, kale kadude kanakotunza umeme, ukitosha taa inawaka ghafla, unaisha, unaanza kujikusanya upya. Ndio huko kupepesa. Dawa yake ni ama swichi inayotumia nyutro na uivutie waya, ama kikapasita kidogo maalum unachofunga kule kwenye taa, kati ya laivu na nyutro, na hizi swichi zisizo na nyutro nyingi zinakuja nacho kwenye boksi. Kwenye maboksi yangu hakikuwemo. Nani alikitoa? Fundi au duka? Kila mmoja anamtaja mwenzake.

Dima nayo ndio usiseme. Ile ya sebuleni imeandikwa wati 40 mpaka 400, mimi taa zangu ni nne za wati 5, jumla wati 20, hata kiwango cha chini sijafika, ila fundi alifunga tu akachukua hela yake akaondoka. Ukipunguza mwanga zinalia zzzz mpaka unasikia ukiwa umekaa kwenye kochi, ukishusha zaidi zinacheza cheza macho yanauma. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, hizi dima za zamani zinakata mwanzo wa kila nusu mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde, zilitengenezwa kwa ajili ya balbu za waya. LED inatakiwa iwe imeandikwa inapunguzwa mwanga, na dima yake iwe ile inayokata mwisho wa kila nusu mzunguko. Na hata hizo wati 400 ni za balbu za zamani, sio kwamba unaweza kupachika LED za wati 400, uwezo wake kwa LED ni mdogo zaidi. Hii muuzaji wa taa hatakiwi kuambiwa na mteja!

Halafu kuna balbu janja yenyewe niliyouziwa ya chumbani, umeme ukikatika ukarudi saa nane usiku inawaka mwanga wote usoni, mtoto analia. Ilikuja hivyo kutoka kiwandani, kwenye programu kuna sehemu ya kubadilisha ikumbuke hali yake ya mwisho, lakini nani alinionyesha? Nimeitafuta mwenyewe.

Nimerudi dukani na risiti wananionyesha bango la bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Bidhaa umenidanganya kwa mdomo wako halafu hairudi? Mimi nataka hela yangu ya dima na zile swichi za korido, na siachi, Jumatatu naenda tena.

Mwenye kujua duka linalouza swichi za nyutro na linaloandika uwezo wake kwa LED waziwazi aweke hapa, na kama kuna fundi hapa Dar anayeweza kupitisha nyutro kwenye mabomba yale yale bila kunibomolea ukuta aje PM tuongee bei.