Wa Toronto anataka nimtumie magitaa yote, nitume au nisitume?

Solo wa Moro

Habari za jioni wakuu. Napiga gitaa la solo, nipo Morogoro. Mchana nauza nyaya na soketi dukani kwa bro, wikiendi napiga na bendi ya harusi.

Mwaka jana nilijiunga na apu moja ya wanamuziki wanaotafuta kolabo. Jina naliacha. Nikatupia humo biti la dakika tatu lenye solo yangu, jamaa mmoja akalisifia wee, nikampa. Hakurudi tena. Miezi baadaye napandisha wimbo wangu YouTube, napata ujumbe kwamba solo ile ni mali ya mtu mwingine. Yaani nimedaiwa na aliyenila.

Nikasusa. Sasa juzi, kwenye apu nyingine, kanifuata Mkongo anayeishi Toronto. Kanitumia wimbo kaurekodi kwa simu ndani ya gari, waipa za kioo unazisikia kwa nyuma zinavyokwenda kwi, kwi, naye anaimba kwa Kiswahili cha Lubumbashi kilichochanganyika na Kilingala. Wakuu, vinyweleo vilisimama. Anataka nipige solo, mi-solo (gitaa la kati) na ridhim, kila gitaa na faili lake. Hela hana, anasema tutagawana nusu kwa nusu. Jumapili anataka viwe vimefika.

Mke wangu kasema nikiliwa mara ya pili nisimpigie kelele. Nifanyeje?

Kuku wa Kienyeji

Yupo Toronto na hana hela ya mpiga gitaa? Mkuu, kimbia.

Fundi Mitambo

Usimsikilize Kuku. Nakaa studio mwaka wa tisa, mtu akiwa ughaibuni haina maana ana pesa.

Kosa lako la kwanza ni kutoa kitu kizima kwa mtu mliyekutana jana. Safari hii piga magitaa yote, changanya pamoja, toa MP3 ya ubora wa chini, halafu pitisha sauti yako juu yake kila baada ya sekunde kumi na tano: "Moro, Moro". Inakera, ndiyo, lakini mtu makini ataelewa. Mafaili ya gitaa moja moja yabaki kwako mpaka muwe na karatasi ya mgao.

Karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja tu: jina la wimbo, majina yenu kamili, nani katunga maneno, nani melodi, nani kapiga nini, asilimia zifike 100, kila mmoja atie sahihi. Na hapa ndipo wengi wanapopigwa: kuna wimbo kama utunzi, na kuna rekodi yenyewe. Ni mali mbili. Mtu anakwambia nusu kwa nusu, kumbe anawaza rekodi tu, utunzi kauandikisha peke yake.

Muulize pia nani atausambaza. Pesa inaingia kwenye akaunti ya aliyepandisha. DistroKid kwa mfano, wale wasambazaji wa muziki mtandaoni, wana sehemu ya kugawa mapato, kila mtu anapata chake bila kuombana.

Hilo dai la YouTube ulilipinga au ulinuna tu? Lipinge. Akikaa siku 30 bila kujibu, linaondoka lenyewe. Bado unalo faili la mradi la hilo biti lenye tarehe?

Solo wa Moro

Nilinuna tu, Fundi. Faili lipo.

Bi Udi

Mimi naimba, nipo Unguja. Kwa sisi wanawake hizi apu zina kero yake, nusu ya wanaokuja hawatafuti wimbo, wanatafuta namba. Nilitoa picha ya uso nikaweka video ya mikono yangu inapiga udi. Ujumbe ukapungua, waliobaki wote wanajua muziki.

Huko ndiko nilikompata kijana wa Muscat anayepiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Hatukuvunjana moyo kwenye pesa, tulivunjana kwenye sauti: prodyuza wake alipitisha sauti yangu kwenye mashine ya kunyoosha, zile robo za maqamu, sauti za Kiarabu zinazokaa kati ya noti na noti, zote zikaliwa. Nikasikika kama roboti aliyekwenda madrasa. Kwa hiyo mwandikie mapema asiguse nini. Gitaa la rumba likinyooshwa sana halichezeki.

Mzee wa Besi

Kijana, upo Morogoro! Mji wa Mbaraka Mwinshehe, halafu unatafuta wenzio kwenye simu? Sisi tulikuwa tunakaa mazoezini mpaka besi na ngoma zinajuana. Mtu hujamwona anavyokaa kwenye kiti, utajuaje anasubiri wapi?

Kuku wa Kienyeji

Mzee, bendi zenyewe siku hizi ni kinanda kimoja na flashi.

Kifungu cha Kwanza

Nyongeza ya kisheria. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki yako inaanza pale kazi inapokuwepo, husubiri cheti. Ila kasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, siku ya ugomvi ule ni ushahidi. Na hiyo hakishiriki msiisahau: hata usipotunga chochote, uliyepiga gitaa una haki zako kama mtumbuizaji. Huyo wa Kanada akiandikisha wimbo SOCAN, chama cha huko cha hakimiliki za muziki, mwombe akuonyeshe jina lako na asilimia yako vilivyoingizwa.

Solo wa Moro

Mrejesho wakuu. Nilituma MP3 yenye "Moro, Moro". Akacheka, akasema ataiacha kwenye wimbo. Karatasi ikarudi imesainiwa: yeye 50, mimi 40, na 10 za mtu nisiyemjua. Nikamaka. Kumbe ni mdogo wake aliyetengeneza ngoma, yupo Lubumbashi. Nimemwambia basi hiyo 10 ikatwe pande zote mbili, 45 kwa 45. Kakubali baada ya siku nzima ya kimya, nikadhani nimeliwa tena.

Dai la YouTube nimelipinga jana. Mzee wa Besi, nimempigia video, nimeona anavyokaa: kwenye kiti cha gari, bado.

Swali la mwisho, Fundi. Wimbo dakika nne, magitaa matatu kwa WAV yanafika kama MB 100. Napitishia wapi?

Fundi Mitambo

Drive, au WhatsApp kama dokumenti, siyo kama sauti, itakukamulia ubora. Yote matatu yaanzie sekunde sifuri hata kama gitaa linaingia dakika ya pili. Na mwendo wa mdundo uandike kwenye jina la faili.

Solo wa Moro

Mwendo ni 112. Naenda kununua bando.