Mrejesho: Nimepata msimamizi asiye bosi wangu

Wapendwa, miezi mitatu iliyopita niliwauliza mshauri nasaha afanye nini ikiwa anayemsimamia kitaalamu, yaani anayemsikiliza na kumsaidia kutafakari kesi zake, ndiye huyohuyo anayesaini likizo na mkataba wake. Nilikuwa silali. Kisa cha mama mmoja aliyefiwa na mtoto kilinifuata hadi nyumbani, na niliogopa kusema nisije nikaonekana kazi imenishinda.

Wengi mlisema nitafute mtu wa nje. Nimempata hapa Mwanza, mama mtu mzima aliyeanza ushauri nasaha wa VVU kabla ARV hazijaenea. Tunakutana saa moja na nusu kila mwezi, kiwango cha chini ambacho BACP, chama cha washauri cha Uingereza, hukitaka kwa wanachama wake wenye ithibati. Nalipa mwenyewe. Inauma, lakini nalipa.

Kikao cha kwanza nilieleza kesi bila kumtaja mteja. Akaniacha nimalize, kisha akauliza: “Na wewe, mwanangu, ulimzika nani?” Nikalia. Mdogo wangu alifariki nikiwa kidato cha pili. Kumbe kila mteja wangu alipoanza kulia, nilimkimbilia na maneno ya faraja ili anyamaze. Nilikuwa najituliza mimi. Hilo bosi asingeliona kwenye fomu zake za idadi ya wateja.

Sasa naweza kukaa kimya na yule mama aliyefiwa. Wiki iliyopita alitaja jina la mwanawe kwa mara ya kwanza.

Dada uliyesisitiza makubaliano ya maandishi: tumeyaandika, pamoja na kipengele cha lini siri inaweza kuvunjwa. Asante sana.