Mafuriko Ahero: tuwasaidieje majirani wakati mifuko ni mitupu?

Jirani wa Ahero: Mto Nyando umevunja kingo tena. Familia nne zinalala darasani. Sisi ni nyumba sita, pesa hakuna. Tuanzie wapi?

Mpishi Kondele: Uji wa asubuhi. Maji lita 10, unga wa wimbi kilo moja, sukari nusu kilo. Unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi. Ukiumwaga mkavu kwenye maji yanayochemka ni mabonge tu. Ukishaanza kutokota punguza moto, koroga dakika 15. Kila nyumba ishike siku yake. Mkijitolea wote Jumatatu, Alhamisi watu watalala njaa.

Mhudumu wa Afya: Pole sana, lakini maji kwanza! Vyoo vimefurika hadi visimani. Chuja kwa leso safi iliyokunjwa mara nne, ndipo utie klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ungoje dakika 30. Tope humaliza nguvu ya dawa kabla haijaua vijidudu. Mtoto akihara: lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi isizidi, ni hatari. Choo kikiwa kama maji ya mchele, hospitali mara moja, akinywa njiani.

Mkazi wa Nyalenda B: Na msiulize "mnahitaji nini?" Mtajibiwa "tuko sawa." Ulizeni, "Nije kufua leo au kesho?" Sodo pia, wapewe akina mama kando.

Jirani wa Ahero: Asanteni. Klorini naifuata sasa hivi.