Tupeane uzoefu: kijana mwenye ulemavu wa viungo anapokwenda kusomea ufundi

Wakuu, salaam. Mdogo wangu ana miaka 19. Mwaka juzi alipata ajali ya bodaboda, uti wa mgongo ukaumia, sasa yuko kwenye kiti mwendo. Mikono mizima, akili inachemka. Kila mgeni anayekuja nyumbani anasema neno lile lile: mtafutieni cherehani. Mwenyewe hataki kusikia habari ya cherehani, anataka ufundi simu. Najua vipo vyuo vya serikali vya watu wenye ulemavu, kama Yombo hapa Dar, Sabasaba kule Singida na Luanzari Tabora. Lakini fomu ya kujiunga haikwambii siku inavyokwenda huko ndani. Waliosoma, waliosomesha mtoto au wanaofundisha, naomba mtuambie mliyoyaona wenyewe.

Fundi wa Tanga
Mimi polio ilinipata nikiwa na miaka 3, mguu wa kulia haukukua. Nilisomea ushonaji na sijutii, umenilea mimi na wanangu wanne. Ila miezi miwili ya mwanzo nililia sana. Cherehani zote pale chuoni zilikuwa za kukanyaga. Ukikanyaga kwa mguu mmoja dhaifu, gurudumu linafika nusu, linarudi nyuma, uzi unakatika. Mwalimu akaniona mzito wa kuelewa. Aliyeniokoa ni fundi cherehani wa jirani, akanifungia mpini wa mkono kwenye gurudumu. Nikaanza kushona, lakini mkono wa kulia ukizungusha, kitambaa unakiongoza kwa wa kushoto peke yake. Kola nilijifunza upya kabisa. Leo natumia mota, kibonyezo chake nimekiweka upande wa mguu mzima. Umeme ukikatika, narudi kwenye mpini. Mkuu, kabla hujalipa ada, mwambie mwenye chuo akuonyeshe kifaa kimoja alichowahi kukibadilisha kwa ajili ya mwanafunzi. Akibabaika, jua hilo.

Mama wa binti wa magongo
Nakazia hapo. Mimi nilikagua darasa, nikasahau bweni. Binti yangu alipangiwa ghorofa ya kwanza, choo kiko nje, cha kuchuchumaa, sakafu imelowa muda wote. Mtu wa magongo kwenye sakafu iliyolowa ni kuanguka tu. Akawa hanywi maji mchana kutwa ili asiende chooni. Nilikuja kujua alipolazwa kwa UTI. Tulimhamisha, akamaliza mapambo na upishi kwingine, sasa anapokea oda za keki. Muda ule alioteseka kimya bado unaniuma. Ukienda kukagua chuo anzia chooni, halafu ndiyo uombe kuona karakana.

Mkufunzi, uchomeleaji
Nimefundisha kijana wa kiti mwendo, na kusema kweli mwanzoni nilisita kumpokea. Meza zetu ni za mtu aliyesimama, zilimfika kidevuni. Tukakata miguu ya meza moja, tukaondoa na upau wa chini ili magoti yaingie. Kazi ya nusu siku, na vyuma tunavyo wenyewe! Kilichonitisha kilikuja baadaye. Siku moja tulisikia harufu ya nguo inaungua. Cheche ilikuwa imetua pajani na yeye hana habari, kwa sababu miguu haisikii maumivu. Toka siku hiyo alivaa aproni ya ngozi inayofunika mpaka kwenye miguu. Mwenye mada, kwa ufundi simu ni vilevile: tone la risasi iliyoyeyuka likidondoka pajani wakati wa kulehemu, mdogo wako hatajua. Mnunulie aproni kabla ya vifaa vingine vyote.

Mwenzenu wa kiti mwendo
Naongezea, maana hili nimelipitia mwenyewe. Fundi simu anakaa saa nane ameinamia kazi moja. Mtu aliyeumia mgongo akikaa hivyo bila kujinyanyua anapata vidonda vya makalio, na kidonda hicho kinaweza kumlaza miezi. Mimi naweka alamu ya kila nusu saa, najinyanyua kwa mikono, narudi kazini. Mwalimu wake aambiwe mapema asidhani anatega kazi.

Wa Mombasa
Huku kwetu wengi walianza Bombolulu, karakana za APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, ziko tangu 1969. Shangazi yangu alifanya kazi ya shanga na vipuli huko. Vijana wa ulemavu walikuwa wakiunda viti vya magurudumu, na yeye alikuwa akisema fundi anayekalia kiti mwenyewe ndiye anayejua kinaumiza wapi.

Mhitimu wa kompyuta
Mimi nasemea baada ya cheti. Hapa Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Niliitwa usaili kampuni moja, ofisi ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Walinzi wakanibeba mgongoni mbele ya watu. Kazi sikupata. Nikageukia halmashauri: katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, 2 ni zetu watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Mfuate afisa maendeleo ya jamii wa kata angali bado masomoni, maana kuandikisha kikundi kunakula muda. Wenzangu waliongoja wahitimu kwanza walikaa mwaka mzima nyumbani, mikono ikapoa.

Mwenye mada
Nimemsomea mdogo wangu yote, mstari kwa mstari. Hapo kwenye alamu aliniomba nirudie. Jumamosi tulikwenda kwa fundi simu wa hapa mtaani, amekubali akae naye mwezi mmoja kabla hatujajaza fomu yoyote. Kaunta yake ilikuwa juu, kwa hiyo wamempangia kimeza cha pembeni. Jana amefungua simu yake ya kwanza, skrubu akazipanga kwenye kifuniko cha chupa ya maji. Aproni nimeshaagiza kwa fundi viatu. Mkufunzi, nikuulize: ile aproni ya ngozi, mikanda ifungwe nyuma ya kiti au kiunoni kwake?

Mkufunzi, uchomeleaji
Kiunoni. Ukifunga kwenye kiti, siku ya moto hatatoka haraka.