Mwembe wa bibi: nimwambieje ami?

Assalam aleikum, ndugu zangu. Naomba ushauri, na msinicheke.

Bibi yetu alikuwa na shamba dogo Matondoni, huko kunakoundwa majahazi hapa Lamu. Likizo zote tulikuwa kwake. Pwani mafundi wakitia kalafati kuziba nyufa za mbao za majahazi, sisi chini ya mwembe tukiunda vyombo vyetu: karara la mnazi ndilo jahazi, kanga kuukuu ya bibi ndiyo tanga, na kaka yangu ndiye nahodha, kwa kuwa tu alikuwa na sauti kubwa. Shehena ni vifuu vya mchanga, eti mchele wa Mombasa. Siku moja tukampakia kuku wa bibi kama abiria. Akanya juu ya tanga. Bakora zile nazikumbuka hadi leo.

Sasa bibi hayupo, na ami anataka kuukata mwembe ajenge vyumba vya kupangisha. Sehemu ile ni yake, sibishi. Lakini wanangu wako Mombasa, ghorofa ya tatu, simu mkononi, nilitaka wapaone.

Nimwambieje bila kumvunjia heshima? Nimpitie shangazi kwanza? Na kuna aliyejenga akauacha mwembe uani, mizizi isimletee nyufa?