Kaseti 41 za marehemu babu nataka ziingie kwenye kompyuta, redio inavuta sauti, nianzie wapi?

MwanaNgamiani:
Habari za sa hizi wakuu, poleni na joto. Naomba msaada kwa wanaojua kweli siyo wa kubahatisha. Babu yangu mzaa mama alifariki mwaka juzi hapa Tanga, sasa juzi tunasafisha chumba chake kule Ngamiani tukakuta juu ya kabati boksi la biskuti limejaa kaseti, nimezihesabu ni 41. Kuna taarabu za kina Black Star, kuna Atomic Jazz, kuna maulidi, lakini hizo haziniumizi kichwa maana nyingine zishapandishwa mtandaoni. Kinachoniumiza kichwa ni barua. Mjomba wetu mkubwa alikwenda Maskati miaka ya themanini na babu hakuwa mtu wa kalamu, basi wakawa wanatumiana kaseti, huyu anaongea upande A anampa mtu anayesafiri, yule akishasikiliza anajibu upande B anairudisha na mtu mwingine. Hizo zipo 14, babu kaziandika juu Maskati 1, Maskati 2, hivyo hivyo.

Mama anataka amsikie baba yake. Nimeazima redio kaseti ya jirani, sauti inavuta, babu anaongea kama mlevi na mzee wa watu pombe hajawahi hata kuinusa, mara anakimbia mara analegea. Nyingine nikiweka nasikia mtu kama anaongea chini ya godoro na maneno yanakwenda kinyumenyume, mama akatoka nje kabisa akasema zima hilo. Moja redio ilishaanza kuitafuna nikawahi kuzima. Nilimpelekea fundi mmoja akasema niache zote wiki moja, nikamuuliza zitakaa wapi akanionyesha kona imejaa spika mbovu na masufuria ya mteja sijui wa nini, nikabeba boksi langu nikaondoka.

Nina laptopu tu, vingine sina. Nianzie wapi?

kipanga_wa_pongwe:
Mkuu unajipa kazi bure. Weka simu mbele ya spika, bonyeza rekodi, kalale. Mi nilifanya hivyo kaseti ya harusi ya mshua na watu walilia.

FundiRedio_Makorora:
Kipanga walilia kwa sababu gani ndo hujasema 😂. Ukisikiliza hiyo harusi yako unasikia na feni, na watoto, na bodaboda inapita. Simu ni ya dharura, kaseti isiyo na kopi popote duniani huifanyii hivyo kama njia nyingine ipo.

MwanaNgamiani pole sana, na ulivyoondoka na boksi lako umefanya la maana, spika ina sumaku na sauti ya kaseti ni sumaku tupu, siyo vitu vya kulazwa kona moja. Sasa usiweke tena hata moja mpaka redio iwe sawa. Sauti kuvuta hapo mtuhumiwa wa kwanza ni mpira, ile belti inayotoka kwenye mota kwenda kwenye gurudumu zito la chuma. Redio ikikaa miaka haipigwi mpira unalegea, mwingine unayeyuka unakuwa kama lami, ukiushika vidole vinanata siku mbili. Badilisha, ni kitu kidogo. Halafu kuna kigurudumu cheusi cha mpira kinachobana mkanda kwenye pini ya chuma, hicho kikiwa kichafu au kimekuwa kigumu ndo kinatafuna. Kisafishe, safisha pini, safisha na hedi yenyewe, kile kichuma kinachogusa mkanda na kusoma sauti, kwa vijiti vya masikio na spiriti ya duka la dawa, waulize ile isopropili isiyochanganywa na maji mengi. Siyo marashi, siyo mafuta ya taa (nimeona kwa macho yangu mtu anafanya). Kijiti cha kwanza kitatoka cha kahawia usiogope, kaseti ya kawaida imepakwa oksidi ya chuma, yaani kutu, ndo hiyo inabaki kwenye hedi. Endelea mpaka kijiti kitoke cheupe, acha pakauke, na urudie kila baada ya kaseti mbili tatu maana hizo zako zimekaa kwenye unyevu wa pwani miaka arobaini.

Ile inayoongea kinyumenyume haijarogwa, mwambie mama arudi ndani. Mkanda umepinduka humo ndani. Kuna siku ulitoka nje, mtu akaurudisha kwa kalamu ya Bic bila kuangalia, sasa mgongo wa mkanda ndo unagusa hedi. Sauti inapenya huo mgongo ila hafifu, ndo hilo godoro lako. Na kinyumenyume ni kwa sababu mkanda wote haufiki milimita 4 kwa upana na pande mbili zimegawana, A nusu hii B nusu ile, kila mmoja unakwenda na njia yake. Ukipinduka hedi ya A inasoma njia ya B kutokea mwisho. Dawa yake ni kufungua ganda. Angalia kama lina skrubu, kwa kawaida ni 5, bisibisi ndogo ya nyota. Tandika shuka jeupe, iweke kaseti imelala, nyanyua ganda la juu taratibu kama unafunua sufuria ya wali uliokwishaiva, kuna vigurudumu viwili kwenye pembe na vijikaratasi vya kuteleza na kile kisponji kwenye kibati, vyote hivyo vikiruka ni shughuli. Fuata mkanda kwa kidole kuanzia kwenye roli mpaka uone ulipojipinda, unyooshe, funga. Hakuna kuvuta. Ganda likiwa la gundi unalipasua kwa kisu pembeni na mkanda unauhamishia kwenye ganda la kaseti nyingine ya skrubu. Usitoe muhanga ya maulidi sasa 😀

Halafu kabla ya yote vunja vile vimeno viwili nyuma ya kaseti. Redio ya jirani ina kitufe chekundu, ukikosea mara moja umemfuta babu.

Bi_Chumbageni:
Fundi kamaliza upande wa redio, mimi niseme upande wa kompyuta maana nimefanya kaseti za mawaidha za marehemu baba karibu sitini na nilikosea kila kinachokoseka.

Programu tumia Audacity, ni ya bure. Waya unatoka kwenye tundu la hedifoni la redio, au laini auti (tundu la kutolea sauti lisilopitia volumu) kama ipo hiyo ndo nzuri zaidi, unaingia kwenye kompyuta. Hapa ndo pana mtego. Kompyuta ya mezani ina tundu la bluu, hilo ndo laini in, na la pinki ni maiki. Laptopu nyingi zina tundu moja tu na upande wake wa kuingiza sauti ni maiki, inapokea sikio moja na inakuza sauti mpaka inapasuka. Mimi nilirekodi kaseti nane zote zinapasuka ndo nikajua, na ikishapasuka hivyo hakuna programu ya kuirudisha, unarudia moja. Nunua kile kidude cha sauti cha USB ila hakikisha kina laini in ya steriyo, vile vya bei chee kabisa vina tundu la maiki tu utakuwa umenunua tatizo lile lile.

Volumu ya redio iweke katikati, besi na treble usiguse, cheza pale mtu anapoongea kwa nguvu zaidi uangalie ile mishale ya Audacity, kilele kisipite kwenye alama ya desibeli -6. Afadhali ndogo utaipandisha baadae. Rekodi kwa 44100 na bit 16, hifadhi WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa. Dakika moja ya steriyo ni kama MB 10, kwa hiyo kaseti ya dakika 90 inakula karibu GB 1, zako zote 41 flashi ya GB 64 inatosha ila usiweke flashi peke yake, weka na kwenye diski ya nje ya kompyuta, na kopi nyingine akae nayo ndugu wa mbali. Ya kutumiana WhatsApp tengeneza MP3 kutoka kwenye WAV, ile WAV usiiguse tena maisha.

Na kitu ambacho hawasemi, hakuna njia ya mkato. Kaseti ya dakika 90 ni dakika 90. Kaseti zako 41 zikiwa zote za 90 ni zaidi ya masaa 60 umekaa hapo. Mi nilikuwa naweka nikisonga ugali. Anza na Maskati, taarabu zitasubiri. Zile nyembamba za 120 ukizikuta uwe mpole nazo, mkanda wake ni kama karatasi ya sigara. Na ukiona unga mweupe pembeni mwa roli huo ni ukungu, usiiweke kwenye redio uliyosafisha, itenganishe.

kipanga_wa_pongwe:
Masaa 60? Mi nipo na simu yangu.

MwanaNgamiani:
Dada asante sana, fundi Mungu akuzidishie. Ripoti ya leo: mpira umebadilishwa, babu kapona ulevi. Ile ya kinyumenyume nimeifungua, mikono inatetemeka, mkanda kweli ulikuwa umejikunja hatua mbili tu kutoka kwenye roli ya kushoto, nimenyoosha nimefunga inaongea vizuri. Kidude cha USB nimeagizia Dar kimefika na basi la asubuhi.

Matatizo mawili. La kwanza kuna muungurumo chini kwa chini mmmmmm hauishi hata kaseti ikiwa imesimama. La pili upande wa babu uko safi lakini mjomba akijibu ni kama kajifunika shuka, siyo kinyumenyume, ni nzito tu, herufi ya s haisikiki kabisa.

FundiRedio_Makorora:
Muungurumo ni umeme. Chomoa chaja ya laptopu, tumia betri, nina uhakika asilimia tisini utakata hapo hapo. Ukibaki sogeza adapta ya redio mbali na waya wa sauti.

La mjomba ni hedi ya redio yake, siyo yako. Kule Maskati alirekodi kwenye redio ambayo hedi ilikuwa imeinama kidogo, sasa yako imesimama wima haisomi sawasawa, na kinachopotea kwanza ni sauti nyembamba, ndo hizo s zako. Pembeni mwa hedi kuna skrubu mbili, moja ina springi chini yake. Hiyo ya springi ndo ya kuzungusha, kabla hujaigusa chukua rangi ya kucha ya mtu hapo nyumbani uweke alama ilipo. Kisha mjomba akiwa anaongea izungushe kidogo sana, robo hata haifiki, huku umevaa hedifoni, utasikia kuna mahali s zinafunguka. Hapo rekodi. Ukimaliza rudisha kwenye alama kwa ajili ya babu. Bisibisi isiwe na sumaku.

MwanaNgamiani:
Betri imekata muungurumo. Rangi ya kucha nimepewa kwa masharti. Swali la mwisho, nyuma ya babu kuna kelele nyingi, shhhh ya kaseti yenyewe, jogoo, sijui watu wanatwanga. Naona Audacity ina sehemu ya kuondoa kelele, nizipige zote?

mzee_wa_bandari:
Kijana nisamehe naingilia, mimi kompyuta naendeshewa na mjukuu. Hizo kaseti nimezibeba sana, nilikuwa melini. Kila safari unapewa na watu wa Ngamiani, wa Chuda, wa Mikanjuni, nne, tano, tunaziviringisha kwenye soksi zisivunjike, na ukifika unafuatwa na mtu hata begi hujaweka chini, kaseti yangu iko wapi. Wengine wanaiweka hapo hapo wanasikiliza. Nakumbuka jamaa mmoja alikuwa anarudisha nyuma pale baba yake anapokohoa, anasikiliza, anarudisha. Nikamuuliza kuna nini hapo, akasema subiri, baada ya kikohozi unasikia mlango wetu. Mlango ulikuwa unalia. Alikuwa anasikiliza bawaba.

Hiyo shhhh ondoa ukitaka. Jogoo mwache.

Bi_Chumbageni:
Mzee wangu shikamoo, umeniliza asubuhi yote hii.

MwanaNgamiani kiufundi ni hivi, kama unaondoa fanya kwenye kopi, siyo ile WAV ya mwanzo. Chagua sekunde chache ambazo hakuna anayeongea, ni shhhh tupu, ipe programu isome hiyo, halafu ondoa kidogo kidogo. Ukizidisha sauti ya mtu inakuwa kama anaongea ndani ya ndoo ya maji. Mi ya kwanza nilimgeuza baba roboti.

MwanaNgamiani:
Mzee wangu shikamoo, nakushukuru sana.

Sijaondoa kitu. Jana usiku tumemaliza Maskati 6. Babu anamsimulia mjomba bei ya nazi, nani kaoa, nani kahamia Muheza, katikati anakata anaita kwa ukali mtu amletee kahawa, na kwa mbali sana unasikia msichana anaitika "labeka baba". Mi nilipitiliza. Mama akasema rudisha. Nikarudisha. Rudisha tena. Mara ya tatu akasema huyo ni mimi, na ile kahawa niliimwaga mlangoni, ngoja utasikia. Tukangoja, kweli kama dakika moja mbele kikombe kinaanguka na babu anasema laa haula, kisha anaendelea na habari za nazi.

Zimebaki nane za Maskati. Vijiti vya masikio vimeisha, kesho nikitoka kazini napitia duka la dawa.