Kikoa, hifadhi, chapisho: naomba kufafanuliwa istilahi za blogu

MpishiWaTanga:
Wanajukwaa, salaam. Nimekusudia kufungua blogu ya mapishi ya Pwani, na mapishi yenyewe, kuanzia mikate ya kumimina hadi pweza wa nazi, yamo daftarini tayari. Kinachonikwamisha ni istilahi. Kijana aliyenipa makadirio ya bei ameandika "kikoa" na "hifadhi" kwenye mistari miwili, kila mmoja na malipo yake ya mwaka, nami nilidhani ni kitu kimoja. Vilevile sijui blogu, chapisho na ukurasa vinatofautianaje.

FundiSeva:
Dada, hapo hujalipishwa mara mbili. Kikoa ni jina analoandika msomaji ili akufikie, mathalani lile linaloishia na .co.tz, hifadhi ni nafasi kwenye seva, yaani kompyuta isiyozimwa, ambamo maandishi na picha zako hukaa. Hifadhi ni kama fremu ya duka unayopanga: mwenye fremu akipandisha kodi, unahamisha bidhaa, na jina la duka unaondoka nalo.

Ila jina liwe lako kweli. Aliyeniundia blogu yangu ya kwanza alisajili kikoa kwa jina lake na barua pepe yake, nami sikuuliza. Tulipokosana, maandishi niliyahamisha jioni moja, lakini jina lilibaki mikononi mwake, na kila kiungo, yaani anwani ya kubofya, nilichokuwa nimekisambaza kikawa kinampelekea yeye wasomaji wangu.

KaraniMzee:
Blogu ni mahali pote kwa ujumla. Chapisho ni andiko moja ndani yake. Ndiyo maana mtu akisema "leo nimeandika blogu" mimi hukunja uso, ingawa wasemao hivyo ni wengi kuliko sisi tunaonuna. Machapisho hupangwa kwa tarehe, jipya likiwa juu, kama kumbukumbu za safari. Neno lenyewe lilianza kama "weblog", alilolibuni Jorn Barger mwaka 1997, na mwaka 1999 Peter Merholz akalikata likabaki "blog". Ukurasa haufuati tarehe: "Kuhusu mimi" hukaa palepale.

Utakutana pia na kategoria na lebo. Pweza wa nazi ataingia kategoria ya "Vitoweo", kisha utampa lebo mbili tatu, kama "nazi" na "pweza". Ukimpa ishirini, hazitamsaidia mtu kutafuta.

MpishiWaTanga:
Nawashukuru. Je, ni lazima nilipe tangu mwanzo?

FundiSeva:
Si lazima. Blogger, huduma ya kuhifadhi blogu iliyoanza mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, ni ya bure, ila anwani yako itaishia na blogspot.com mpaka ununue kikoa. Kwa WordPress uwe mwangalifu, kwani jina hilo lina mambo mawili: WordPress.com ni huduma inayokuhifadhia blogu, ilhali programu yenyewe ya kuundia blogu hupakuliwa bure WordPress.org, na hifadhi ukajitafutia. Popote utakapoanzia, ukishatuma kiungo cha chapisho kwenye makundi ya WhatsApp, usikibadilishe, maana wanaobofya kile cha zamani wanaweza kuambiwa ukurasa haupo.

MpishiWaTanga:
Nimempigia yule kijana. Kikoa alikuwa akisajili kwa barua pepe yake, "kwa urahisi tu". Nimemtumia yangu, na malipo nimeyazuia hadi nione jina langu kwenye usajili.